Mpasuko, Myeyungano na Upekuzi: Istilahi za Filamu Juu ya Robert Oppenheimer

Filamu iitwayo "Oppenheimer", iliyoongozwa na Christopher Nolan na kuanza kuonyeshwa Julai 2023, huchukua saa tatu kuitazama. Inaeleza maisha ya J. Robert Oppenheimer (1904–1967), mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa mkuu wa maabara ya Los Alamos wakati bomu la kwanza la atomiki lilipoundwa. Imetokana na kitabu cha wasifu cha Kai Bird na Martin Sherwin kilichotoka mwaka 2005, na Machi 2024 ilitunukiwa tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya filamu bora. Sifa zake za kisanaa tunawaachia wahakiki. Linalotuhusu sisi katika kurasa hizi ni kwamba hii ni filamu ambayo ugomvi wake mkuu umejengwa juu ya istilahi, na mfasiri asiyezipambanua istilahi hizo humwonyesha mtazamaji wa Kiswahili kisa kingine, chenye mtuhumiwa mwingine.

Jambo hilo laonekana mapema sana. Dakika chache tu baada ya kuanza, mtazamaji huonyeshwa maneno mawili, kila moja peke yake, kama vichwa vya sehemu mbili za hadithi. La kwanza ni istilahi ya fizikia itajayo kupasuka kwa kiini cha atomu, nalo husimamia sehemu zenye rangi, zinazosimuliwa kwa macho ya Oppenheimer. La pili hutaja kuungana kwa viini viwili, na husimamia sehemu za picha nyeusi na nyeupe, zinazomfuata Lewis Strauss, ambaye alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Nguvu za Atomiki ya Marekani na hasimu mkubwa wa Oppenheimer. Maelezo hayatolewi. Msimuliaji wa sinema katika banda la video ana uhuru wa kuongeza maneno yake mwenyewe na kumfafanulia mtazamaji. Yule anayeandika tafsiri chini ya picha hana uhuru huo. Ana nafasi ya neno moja na muda wa sekunde mbili.

Tulitazame neno la kwanza, kwa kuwa historia yake ina mafunzo kwa kila aundaye istilahi. Desemba 1938, mjini Berlin, wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann waliipiga urani kwa nyutroni, wakakuta katika mabaki elementi ya bariamu, ambayo ni nyepesi mno kuliko urani. Hawakuweza kueleza ilitoka wapi. Walioeleza ni Lise Meitner, aliyekuwa mwenzi wa Hahn katika kazi na ambaye wakati huo alikuwa amekimbilia Uswidi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, pamoja na Otto Frisch, mtoto wa dada yake. Walisema kwamba kiini cha urani hurefuka mfano wa tone la maji, hupata kiuno katikati, kisha hukatika vipande viwili. Tendo lilikuwapo, maelezo yalikuwapo, lakini jina halikuwapo. Frisch, aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen, alimwuliza mwanabiolojia mmoja Mmarekani, William Arnold, wanabiolojia huliitaje tendo la seli moja kujigawa kuwa mbili. Akatajiwa neno, akalichukua, na Februari 1939 likachapishwa likiwa na maana mpya.

Basi wale wanaodai kuwa Kiswahili kinaazima mno, au kwamba neno likitoka fani moja kwenda nyingine limepotoka, wakumbuke kwamba istilahi hii, ambayo leo hutamkwa kwa heshima duniani kote, iliazimwa kwa swali moja kutoka kwa jirani wa maabara.

Je, nasi tufuate njia ileile? Walimu wa biolojia husema seli hugawanyika, na tukilihamisha neno lao tutapata "mgawanyiko". Nadhani tusilichukue. Seli ikigawanyika huzaa seli mbili zilizo hai na zinazofanana. Kiini cha urani kikikatika, vipande vyake kwa kawaida havilingani, nyutroni mbili au tatu huruka nje, na nishati nyingi hutoka. Tena "mgawanyiko" ni neno la hesabu na la mirathi. Lina utulivu ambao tendo lenyewe halina. "Mtengano" nalo hudokeza vitu vilivyokuwa vimechanganyika, kama chumvi na maji, na sivyo ilivyo hapa. Kuna pia waandishi wanaosema "mlipuko wa kiini". Hilo ni kosa kabisa, kwa sababu linalitaja tokeo badala ya tendo: katika kinu cha umeme wa nyuklia viini hukatika vivyo hivyo usiku na mchana, na wala hapalipuki kitu.

Yabaki maneno mawili. Moja ni "mwatuko", kutokana na kitenzi "atua", ambacho wazee hukitumia kwa kupasua kuni, na "atuka", isemwayo kwa ardhi inayotoa nyufa wakati wa kiangazi. Ni neno safi, halijashikwa na fani nyingine, na mwanaistilahi yeyote hulipenda kwa sababu hiyo. La pili ni "mpasuko". Hili limeshikwa: kwa miaka mingi wanasiasa na magazeti wamesema "mpasuko wa kisiasa", hasa katika habari za Zanzibar. Kwa kitabu cha fizikia huo ungekuwa upungufu. Kwa filamu hii, naona, ni faida tupu, kwani mwongozaji hakuchagua vichwa vyake kwa ajili ya fizikia peke yake. Sehemu ya kwanza inaonyesha kiini kikipasuka na papo hapo watu wakipasukana: marafiki, ndugu, mke na mume, wanasayansi na serikali yao. Neno "mpasuko" linabeba yote mawili bila ya kuongezewa kitu, na mtazamaji wa Unguja au wa Tabora atalielewa bila kamusi. Napendekeza hilo, na darasani lisemwe kwa ukamilifu, "mpasuko wa kiini", ili wanafunzi wasilichanganye na habari za vyama. Wanaoshikilia "mwatuko" hawajakosea, ila wasiuchanganye na "mpasuko" ndani ya kazi moja.

Kwa neno la pili uchaguzi ni mwepesi zaidi, na sababu yake inachekesha kidogo. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa "muungano". Lakini mtazamaji wa Tanzania akiliona neno "Muungano" limeandikwa peke yake, kwa herufi kubwa, juu ya picha nyeusi na nyeupe za viongozi waliovaa suti, atajua bila shaka kwamba anaonyeshwa habari za tarehe 26 Aprili 1964. Wataalamu walikwisha kutuokoa kwa kuunda "myeyungano", kwa kukutanisha "yeyuka" na "ungana". Wapo waliolilaumu kwa kusema kuwa viini haviyeyuki. Ni kweli, haviyeyuki. Lakini hata neno la Kizungu lilitoka katika kuyeyusha madini, na hakuna aliyelikataa kwa sababu hiyo. Istilahi haiwajibiki kusema kila kitu juu ya dhana yake.

Sasa tuone kwa nini tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Magazeti yetu hutumia "bomu la atomiki" na "bomu la nyuklia" kana kwamba ni kitu kimoja. Katika habari za kawaida hakuna aumiaye. Kwa usahihi, "nyuklia" ni pana: hujumlisha silaha zote ambazo nishati yake hutoka ndani ya kiini, iwe kwa mpasuko au kwa myeyungano. "Bomu la atomiki" limezoeleka kwa lile la mpasuko, kama yale mawili yaliyoangushwa Japani, na la myeyungano huitwa "bomu la haidrojeni". Neno "atomiki", kwa kweli, si sahihi sana, maana kinachopasuka ni kiini na si atomu nzima kwa maana ya mkemia. Lakini limeota mizizi, nasi nchini tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo jina lake linampa mfasiri wa filamu hii jina lililo tayari kwa ile Tume ya Marekani. Asijitaabishe kubuni jingine.

Mfasiri akiandika "bomu la nyuklia" kila mahali, ataharibu hoja nzima ya filamu. Mambo yalikwenda hivi. Agosti 1949 Urusi ya Kisovieti ilijaribu bomu lake la kwanza la atomiki. Huko Marekani baadhi ya watu, Edward Teller na Strauss miongoni mwao, wakataka bomu la haidrojeni liundwe kwa haraka. Oktoba mwaka huohuo kamati ya ushauri ya Tume, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Oppenheimer, ilipinga, kwa sababu za kiufundi na za kimaadili pia. Rais Truman hakuufuata ushauri huo. Tarehe 31 Januari 1950 alitangaza kwamba kazi iendelee. Tarehe 1 Novemba 1952, katika visiwa vya Enewetak, Marekani ililipua chombo cha myeyungano kilichokuwa na nguvu ya megatoni 10.4, yaani karibu mara 500 ya bomu la Nagasaki. Kupinga huko kwa Oppenheimer ndiko kulikotumiwa baadaye kama mojawapo ya hoja za kumshuku. Sasa fikiria mtazamaji anayesoma chini ya picha kwamba mtu huyu aliongoza kuundwa kwa "bomu la nyuklia" mwaka 1945, kisha mwaka 1949 akapinga "bomu la nyuklia". Atamwona ama mnafiki ama mwenye hofu ya ghafla. Akisoma "bomu la atomiki" na "bomu la haidrojeni", atajua kwamba swali lililoulizwa la pili halikuwa lile la kwanza, naye ataweza kuamua mwenyewe kama jibu lake lilikuwa jema.

Kitenzi nacho kina kesi yake. Oppenheimer alifanya nini hasa? Nimeona ikiandikwa kwamba "aligundua bomu la atomiki", na mahali pengine "alivumbua". Kiswahili kina vitenzi vinne hapa, wala si vya kubadilishana ovyo. "Gundua" ni kukuta kilichokuwapo kimefichika. Hahn na Strassmann waligundua, kwa kuwa mpasuko haukuwangoja wao ili uwe kweli. "Vumbua" kiasili hukaribiana nacho, ni kukifukua kitu kikaonekana, ingawa leo hutumika pia kwa mitambo mipya. "Buni" ni kukitoa kitu akilini: Leo Szilard, aliyewaza mjini London mwaka 1933 kwamba nyutroni zinaweza kuzaa nyutroni na kuachilia nishati, na ambaye mwaka uliofuata aliombea wazo hilo hataza, alibuni. "Unda" ni kazi ya mikono na vifaa. Ndicho kitenzi cha mafundi wa majahazi wa mwambao, ambao huunda chombo ubao kwa ubao, wengi wakiwa kazini chini ya fundi mkuu mmoja.

Hiki cha mwisho ndicho kinachofaa, lakini kwa kauli ya kutendwa. Mradi wa Manhattan, chini ya Jenerali Leslie Groves, uliajiri watu wapatao 130,000 na kugharimu kiasi cha dola bilioni 2 za wakati ule. Oppenheimer hakugundua, hakuvumbua, na hakuunda kwa mikono yake. "Aliongoza maabara ambamo bomu liliundwa": sentensi ni ndefu, lakini ni ya kweli. Uzito wake ni kwamba haimwondolei mtu huyu dhima, wala haimtwishi peke yake dhima iliyokuwa ya serikali, ya jeshi na ya maelfu ya wataalamu. Anayesema "aligundua" humfanya mtu aliyejikwaa juu ya kitu. Anayesema "aliunda" humfanya fundi wa pekee. Vyote viwili vinapotosha swali la filamu, ambalo ni swali la dhima.

Kwa sababu hiyohiyo natahadharisha juu ya "baba wa bomu la atomiki". Kwa Kiingereza jina hilo la magazeti limechakaa, nalo hupita bila kusikika. Kwetu "baba" akitajwa pamoja na jambo la umma ni jina la heshima na la malezi, kama Baba wa Taifa. Mfasiri anaweza kulitumia pale ambapo mhusika wa filamu analitamka kwa kusifu au kwa kejeli. Katika maelezo yake mwenyewe, au katika tangazo la filamu, aliache.

Nimefikia sehemu ambayo, kwa watumishi wa serikali hasa, nadhani ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Sehemu kubwa ya filamu hupita katika vyumba viwili ambamo watu huketi, huulizwa maswali na kutoa ushahidi. Kwa Kiingereza vikao vyote viwili huitwa kwa neno moja. Mfasiri mwepesi ataandika "kesi", au "mahakama", na mtazamaji ataamini kuwa Oppenheimer alishtakiwa akapatikana na hatia. Hakushtakiwa. Desemba 1953 kibali chake cha kuona siri za serikali kilisimamishwa. Tarehe 12 Aprili 1954 Bodi ya Usalama wa Watumishi, yenye wajumbe watatu chini ya uenyekiti wa Gordon Gray, ilianza kumsikiliza, ikamaliza tarehe 6 Mei. Hapakuwa na hakimu wala baraza la wazee wa mahakama, wala hati ya mashtaka kwa maana ya sheria ya jinai. Wajumbe wote watatu walimwona kuwa raia mwaminifu. Hata hivyo wawili walisema asirudishiwe kibali, na mmoja, Ward Evans, akapinga. Tarehe 29 Juni Tume ikathibitisha kwa kura 4 dhidi ya 1. Kibali chenyewe kilikuwa kimebakiza siku moja tu kiishe muda wake.

Sasa, laiti ingalikuwa kesi, Oppenheimer angalikuwa na haki ambazo hapa hakuwa nazo. Wakili wake, Lloyd Garrison, hakuruhusiwa kuona nyaraka za siri ambazo upande wa pili ulizisoma na kuzitumia. Roger Robb, aliyeuliza maswali kwa niaba ya Tume, hakuwa mwendesha mashtaka, ingawa alihoji kama mmoja wao. Ukiandika "kesi", "mwendesha mashtaka" na "hukumu", unaupa utaratibu ule heshima ya mahakama, na wakati huohuo unampa mtu yule doa la jinai. Udhalimu ambao filamu inataka tuuone umo katika pengo hilo: kwamba lilifanana na kesi bila ya kuwa kesi.

Kiswahili cha utumishi wa umma nchini Tanzania kina neno lililo tayari, nalo ni "upekuzi". Mtumishi anayetakiwa kushika nyadhifa nyeti hufanyiwa upekuzi. Anayeukosa hana kosa la jinai, lakini mlango humfungia. Ndivyo hasa ilivyokuwa mwaka 1954. Basi kikao kile kiitwe "kikao cha upekuzi", na kile alichonyang'anywa kiitwe "kibali cha usalama". Najua wapo watakaosema kuwa "upekuzi" humkumbusha mtu askari wanaofungua mabegi. Kumbukumbu hiyo haitudhuru. Katika kikao kile barua, simu zilizosikilizwa kwa siri na mapenzi ya mtu vilifunguliwa kama begi.

Kikao cha pili ni cha mwaka 1959, ambapo Seneti ilimhoji Strauss kabla ya kumthibitisha kuwa Waziri wa Biashara. (Si "Katibu wa Biashara": cheo hicho cha Marekani kwetu ni uwaziri, na kosa hili bado laonekana katika tafsiri nyingi.) Hicho kiitwe "kikao cha kuthibitisha uteuzi". Nchini Kenya magazeti yangesema Strauss "alipigwa msasa", na kwa mtazamaji wa Nairobi msemo huo ungefika upesi kuliko istilahi yoyote. Msasa haukumng'arisha: tarehe 19 Juni 1959 alikataliwa kwa kura 49 dhidi ya 46. Filamu inavilinganisha vikao hivi viwili kwa makusudi, mpekuzi akipekuliwa. Kwa hiyo majina yake yawe tofauti, lakini mtindo wa maswali na majibu uwe mmoja, ili ulinganifu usipotee. Kuhusu uamuzi wa 1954, Wizara ya Nishati ya Marekani iliutangua Desemba 2022. "Iliutangua", nasema, na si "ilimsamehe", kwa kuwa hapakuwa na kosa lililothibitishwa la kusamehewa.

Kuna maneno madogo ambayo nitayapitia haraka. Wanasayansi wa Los Alamos, kwa ajili ya usiri na labda kwa ajili ya nafsi zao pia, hawakuliita bomu bomu. Walitumia neno la kutaja chombo chochote ambacho jina lake hulikumbuki. Hapo "kifaa" ni rasmi mno. "Kidude" ndicho chenyewe. Jaribio la tarehe 16 Julai 1945 katika jangwa la New Mexico lilikuwa la "kidude", na mtazamaji aachiwe ashtuke mwenyewe kwa umbali ulioko kati ya jina na moto. Groves anapoambiwa kwamba uwezekano wa kuiwasha hewa ya dunia nzima ni karibu na sifuri, iandikwe "karibu na sifuri", wala isiandikwe "haiwezekani". Kichekesho na hofu ya mahali pale vyote vimo katika "karibu". Na kuhusu ule mstari wa Bhagavad Gita ambao Oppenheimer aliukariri katika televisheni mwaka 1965, mfasiri ajue kwamba neno la Kisanskriti lililomo, "kala", lina maana ya wakati, na wafasiri wengi wameliweka hivyo. Oppenheimer alichagua mauti. Tafsiri ya filamu imfuate yeye na kuandika "mauti", maana tunafasiri maneno yake.

Istilahi moja yahitaji uangalifu wa pekee. Ni ile itajayo jinsi nyutroni za mpasuko mmoja zinavyosababisha mpasuko mwingine, na huo mwingine, bila kukoma. Wapo wanaosema "mmenyuko wa mnyororo", na wengine "mmenyuko mfululizo". La kwanza lina picha. La pili lina maelezo. Nachagua la kwanza, kwa sababu mnyororo hufunga pia, na filamu inautaka ufunge. Mwanzoni neno hilo ni la ubaoni, katika hesabu za Teller zilizozusha hofu ya kuwaka kwa hewa. Katika onyesho la mwisho Oppenheimer, akizungumza na Einstein kando ya bwawa, anazikumbusha hesabu zile, na sasa mmenyuko anaouogopa ni wa mataifa na silaha zao. (Katika historia aliyeendewa kwa hesabu hizo ni Arthur Compton, si Einstein, mwongozaji alibadilisha.) Ikiwa mfasiri aliandika "mmenyuko wa mnyororo" saa mbili zilizopita, kisha mwishoni akaandika "mfululizo wa matukio", daraja limekatika na mtazamaji atatoka bila kujua kwa nini sura ile ilikuwa na huzuni.

Nimalizie na urani yenyewe. Oppenheimer katika filamu hutia gololi katika bakuli la kioo na katika bilauri, kuonyesha ni kiasi gani cha urani na cha plutoni kilichokwisha kupatikana. Mtazamaji haonyeshwi gololi zile zatoka wapi. Sehemu kubwa ya urani ya Mradi wa Manhattan ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga, mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikwisha kupeleka tani zipatazo 1,200 za mawe hayo New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Mawe yale yalichimbwa na watu wa Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Kwa hiyo si kweli kwamba Kiswahili kinakutana na bomu hili kwa mara ya kwanza katika tafsiri ya filamu.

Redio zinazotangaza kwa Kiswahili husema leo kwamba nchi fulani "inarutubisha" urani. Neno la mkulima, nalo limekwisha kukubalika, ingawa anayerutubisha shamba huongeza kitu, na anayerutubisha urani huchambua: katika urani itokayo ardhini, ile aina ya 235 inayopasuka kwa urahisi haifiki hata asilimia moja, na kazi yote ni kuitenga na nyingine. Nisingependa kulipinga kwa sasa. Ningependa zaidi kujua wachimbaji wa Shinkolobwe waliliitaje jiwe lile zito la rangi za manjano na kijani, vumbi lake, na maradhi yake ikiwa waliyapa jina. Kamusi zetu za mashariki hazina maneno hayo. Walimu na wafasiri walio na jamaa Lubumbashi au Likasi, na hasa walioishi na wazee wa migodini, waombwa wayaandike kama walivyoyasikia, pamoja na sentensi iliyotumika, wayalete Barazani.